Bei ya Gobori katika Ziwa Tanganyika

Je, bunduki zilizofika Ujiji kutoka Unguja katika karne ya 19 ziliuzwa kwa bei ya haki? Insha hii inajibu hapana, kwa sababu tatu.

Kwanza ni bidhaa yenyewe. Nyingi zilikuwa magobori ya kushindilia baruti mdomoni. Majeshi ya Ulaya yalipopata bunduki za kujazwa risasi kwa nyuma, silaha zao kuukuu ziliuzwa rahisi pwani. Huku ziwani zilibadilishwa kwa pembe za ndovu na watu waliotekwa. Anayetetea bei hiyo atataja wapagazi waliotembea miezi kadhaa kutoka Bagamoyo. Hoja hiyo ina uzito, lakini safari ndefu haigeuzi bidhaa kuukuu kuwa mpya.

Pili ni manufaa. Rumaliza wa Ujiji aliivamia Burundi kwa bunduki, akarudishwa nyuma na wapiganaji wa Mwami Mwezi Gisabo waliotegemea mikuki na mishale.

Tatu ni uhuru wa kuchagua. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia Waafrika wasiuziwe bunduki za kisasa, ila ukaacha mlango wazi kwa magobori. Mwaka 1903 Wajerumani walimshinda Mwezi kwa silaha hizo za kisasa. Katika mkataba wa Kiganda alitozwa ng'ombe 424.

Bei ya haki humhitaji mnunuzi anayeweza kulinganisha. Mnunuzi wa ziwani aliachiwa gobori tu, na waliotekwa, ambao ndio walioilipa zaidi, hawakuulizwa kabisa.