Daftari la Mama

Mama alikuwa mhazini wa jumuiya yetu ya Kikatoliki, na daftari lake ninalo mimi. Jalada limeng'oka. Kwenye ukurasa mmoja ameandika kwa penseli: "Bibi wa mwembeni, maji madebe 2 kila asubuhi, mpaka apone." Mstari huo hauna hata shilingi.

Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walikutana Nairobi wakatilia mkazo jumuiya ndogondogo: kaya chache za majirani, mtakatifu msimamizi, sala inayozunguka nyumba kwa nyumba. Kwetu Tanzania, tuliokwisha kuzoea balozi wa nyumba kumi, wazo halikuwa geni.

Tulikutana Jumamosi alfajiri, watoto tukisinzia mkekani. Baada ya Injili zilifuata taarifa: nani mgonjwa, nani kajifungua, nani hajaonekana wiki mbili. Kwangu mimi, sala ilianzia hapo. Kabla jua halijawa kali, watu watano walikuwa shambani kwa mgonjwa wakipalilia mahindi, na mama amebeba sufuria la uji kichwani kwenda kwa mzazi. Mzazi mwenyewe angeweza kuwa Mwislamu, hakuna aliyeuliza.

Siku hizi taarifa zinakuja kwa simu, na michango mingi ni ya ujenzi. Silalamiki, paa sharti liezekwe. Ila daftari la sasa naliandika mimi, na lina safu mbili tu: jina na kiasi.