Kucha nyekundu msimu wa kipupwe: Mitindo 5 ya kujaribu Newala na Masasi

Kuanzia Juni mpaka Agosti, asubuhi za Newala ni za sweta na chai ya moto. Baridi na upepo hukausha ngozi na kucha. Lakini ndio msimu ambao nyekundu inapendeza zaidi, hasa ukiwa na kitenge au sweta ya rangi iliyopoa. Hii hapa mitindo mitano.

1. Damu ya mzee
Nyekundu iliyokoza. Inafaa ofisini, kanisani na hata kwenye sherehe. Haionyeshi haraka vumbi la udongo wetu mwekundu.

2. Nyekundu ya bibo
Ile inayowaka kama bibo lililoiva. Paka kwenye kucha fupi. Kama unachota maji, unasonga ugali au uko shambani, kucha fupi hazivunjiki ovyo wala hazifichi uchafu.

3. Ncha tu
Kucha nzima unaiacha na rangi yake, unapaka nyekundu nchani. Inatumia rangi kidogo, na kucha ikikua huoni pengo kule chini.

4. Kisutu
Nyekundu, nyeusi na nyeupe, kama kanga ya kisutu. Kidole kimoja chorea lile umbo la korosho linaloonekana kwenye kanga nyingi. Kwa watu wa mikoroshoni, huu ni wetu kabisa!

5. Hina
Haibanduki, inaondoka kucha inapokua. Kwa Waislamu ina faida nyingine: haizuii maji ya udhu kufika kwenye kucha, tofauti na cutex. Ila usichanganye na piko. Nyingi zina kemikali ya kutia nywele weusi, na kuna watu huwaunguza ngozi na kuwaachia malengelenge.

Ili idumu
Anza na cutex isiyo na rangi, maana nyekundu ikigusa kucha moja kwa moja huiacha na umanjano. Kisha paka mara mbili, nyepesi nyepesi. Ukipaka nzito kwenye baridi, itachelewa kukauka na utaamka na alama za shuka. Usiku pakaa mafuta ya nazi kuzunguka kucha. Kuitoa, tumia dawa ya kutolea rangi. Ukibandua kwa meno au wembe unaondoka na tabaka la kucha yenyewe.

Msimu huu pia ndio wa kupuliza mikorosho. Ukishika salfa au dawa nyingine, vaa glavu. Cutex haikingi mikono.

Kabla hujaenda hospitali
Hili wengi hawalijui. Kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni hupitisha mwanga kwenye kidole, na rangi iliyokoza au kucha ya kubandika inaweza kuharibu majibu. Mhudumu pia huangalia rangi ya kucha kujua kama umepungukiwa damu au hewa. Kwa hiyo kama unakaribia kujifungua au una miadi ya upasuaji, toa rangi mapema, angalau vidole viwili vitatu.

Kucha za jeli na za kubandika hazitoki kirahisi usiku wa dharura. Mjamzito wa miezi ya mwisho, chagua cutex ya kawaida. Ukishajifungua salama, nyekundu yako utaipaka tena.