Mkono wa Bahari Uliogeuzwa Mpaka

Mji Mkongwe wa Zanzibar ulianza ukiwa karibu kisiwa ndani ya kisiwa. Upande wa magharibi ulikuwa na bahari kuu, na upande wa mashariki mkono wa bahari uliingia kutoka Funguni na kushuka kusini hadi karibu na Mnazi Mmoja. Maji yakijaa, hasa wakati wa bamvua, mitumbwi ilipita pale ambapo leo zinapita daladala. Yakitoka, palibaki tope na harufu. Watu walivuka kwa daraja, na ndiyo maana mahali hapo panaitwa Darajani hata sasa, ingawa daraja lenyewe halipo tena. Upande wa pili wa maji ukaitwa Ng'ambo.

Mgawanyiko huo, basi, kwanza ulikuwa kazi ya maumbile. Namna ulivyogeuka kuwa mpaka wa rangi ni habari ya karne mbili, na chanzo chake ni karafuu. Sultani wa Omani, Sayyid Said bin Sultan, alipohamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830, mashamba ya mikarafuu yalienea na biashara ya watumwa ikakua pamoja nayo. Wenye mali walijenga nyumba za mawe kwenye rasi ya Mji Mkongwe. Maskini, mafundi, wachukuzi, wageni kutoka bara na wengi waliotoka utumwani walijenga Ng'ambo. Hata hivyo, si sahihi kusema kwamba upande mmoja ulikuwa wa Waarabu na Wahindi na wa pili wa Waafrika tu. Watumwa waliishi ndani ya majumba ya mawe, na Ng'ambo walikuwamo Wangazija, Washihiri na Wahindi wa kipato cha chini. Kilichowatenga watu wakati huo kilikuwa zaidi mali na hadhi.

Ng'ambo nayo ilikuwa na mpangilio wake, tena wenye akili nyingi. Nyumba ilijengwa kwa fito na udongo na kuezekwa makuti. Mbele ilikuwa na baraza, na nyuma palikuwa na ua wa kupikia na kufulia, mara nyingi chini ya mnazi au mwembe. Njia hazikunyooka, kwa sababu zilifuata miti, visima na misikiti. Barazani ndipo watu walipopokea wageni, waliposuka ukili na kuamua ugomvi. Wapimaji wa kikoloni waliyaona haya yote wakayaita vurugu.

Uingereza iliifanya Zanzibar kuwa nchi lindwa mwaka 1890, na mwaka 1897 ikafuta hadhi ya kisheria ya utumwa. Hapo likazuka jambo jipya. Zamani mtu aliweza kujenga kwenye ardhi ya tajiri au ya wakfu kwa sababu ya uhusiano wao, akilipa kwa utii na huduma. Utumwa ulipofutwa, wenye ardhi walianza kudai fedha: nyumba ni yako, lakini kiwanja ni changu. Kodi za viwanja zilipanda katika miaka ya 1920, na mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kuzilipa. Serikali ililazimika kuziwekea kikomo. Ninauhesabu mgomo huo kuwa hoja ya kwanza kubwa ya Waafrika wa mji ule kuhusu nani ana haki juu ya ardhi anayoiendeleza kwa mikono yake.

Wakati huohuo watawala walikuwa wakiutazama upya ule mkono wa bahari. Daktari W. J. Simpson, aliyetumwa Afrika Mashariki kuchunguza afya, alipendekeza katika ripoti yake ya mwaka 1914 kwamba Wazungu, Waasia na Waafrika watengwe, na kati yao uachwe uwanda mtupu. Mwaka 1923 mpangaji miji H. V. Lanchester akachapisha mpango mkuu wa mji. Mkono wa bahari ukafukiwa kidogo kidogo kwa miongo kadhaa, na upande wa Mnazi Mmoja ukawa viwanja vya michezo.

Kwa nini ulifukiwa na kuachwa wazi? Wapo wanaosema ni afya: tope lilinuka na mbu walizaliana. Sababu hiyo ni ya kweli, lakini ingetosha kuleta kifusi tu. Haielezi kwa nini ardhi mpya iliachwa wazi katika mji uliobanana. Wengine husema ni fedha, kwa kuwa serikali haikuwa na za kujengea. Hilo nalo lina uzito, maana mipango mingi ilibaki kwenye karatasi. Mimi naona afya ilitoa kisingizio, na rangi ikachora mstari. Haikuwa Zanzibar peke yake: mwaka 1857 huko New York kijiji cha Seneca, kilichokaliwa zaidi na watu weusi, kiliondolewa ili kupisha bustani ya Central Park.

Mnazi Mmoja, hata hivyo, haukubaki kama ulivyokusudiwa. Wazungu walicheza gofu na kriketi, lakini vijana wa Ng'ambo nao walileta mpira wao, na Sikukuu ya Idi ikafika na watoto wake na nguo mpya. Uwanda uliokusudiwa kutenganisha watu ukawa mahali pa kukutania.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilitaka kuiondolea Ng'ambo unyonge wake. Kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki zilijengwa nyumba za Kikwajuni na Kilimani, kisha majumba ya Michenzani yenye urefu wa takriban mita 300 kila moja. Nia ilikuwa haki, na familia nyingi zilipata maji ya bomba na umeme. Lakini mitaa mizima ilibomolewa, na pamoja nayo nyua, miti na baraza. Tatizo halikuwa rangi tena. Kosa lilikuwa kuamini kwamba mwenyeji hana la kumfundisha mpangaji.

Mwaka 2000 UNESCO iliuweka Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia, na mpaka wake ukafuata kwa sehemu kubwa barabara iliyojengwa juu ya yale maji. Kwa mara nyingine Ng'ambo ikabaki nje. Ndipo Idara ya Mipango Miji na Vijiji, pamoja na wataalamu wa Uholanzi, ikaendesha mradi wa Ng'ambo Tuitakayo na kuandika, kwa kuwauliza wakazi, urithi wa mitaa yao. Kazi hiyo imezaa kitabu cha ramani, Ng'ambo Atlas, kilichotoka mwaka 2019. Sasa maghorofa na maduka makubwa yanapanda Michenzani. Wanaotoa vibali wakifungue kitabu hicho, na wakawasikilize wenye baraza kabla ya tingatinga kufika.