Mgodi, Kirusi na Kizazi Kilichopitwa: Historia ya Vihatarishi vya Saratani ya Mlango wa Kizazi katika Ukanda wa Dhahabu wa Geita na Shinyanga

Tafiti nyingi huvitaja vihatarishi vya saratani ya mlango wa kizazi kama sifa za mwanamke binafsi: umri alioanza kujamiiana, idadi ya wenzi, uzazi wa mara nyingi, sigara, VVU. Insha hii inadai kuwa katika ukanda wa dhahabu orodha hiyo haieleweki pasipo historia ya migodi.

Mgodi mkubwa wa sasa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, mkoani Shinyanga, mwaka 2001. Pembezoni mwake, na katika machimbo ya wachimbaji wadogo, wanaume walikaa mbali na familia zao. Wanawake wakatafuta riziki katika baa, migahawa na nyumba za wageni. Clift na wenzake (2003), waliochunguza jamii zinazouzunguka mgodi wa Geita, walikuta VVU vimeenea zaidi kwa wanawake hao kuliko kwa waajiriwa wa mgodi wenyewe. Matokeo haya yalistahili kujadiliwa zaidi ya yalivyojadiliwa, kwani mzigo uliwaelemea wasiokuwa na ajira ya mgodi.

Kirusi cha papiloma huwapata wengi wanaojamiiana, na kwa kawaida mwili hukiondoa wenyewe. Penye VVU hukawia, na Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa hatari ya saratani hii huongezeka mara sita. Tena saratani huchukua miaka 15 hadi 20 kujitokeza, ingawa kinga ikidhoofika huja mapema zaidi. Kwa hiyo wagonjwa wa leo, kwa sehemu, ni matokeo ya miaka ile ya ufunguzi.

Chanjo ilianza kutolewa nchi nzima mwezi Aprili 2018, kwa wasichana wa miaka 14. Msichana aliyezaliwa Geita mwaka mgodi ulipofunguliwa alikuwa ametimiza miaka 18, au yu karibu kuitimiza. Alikuwa amekwisha kupitwa. Ng'ambo ya ghuba, jijini Mwanza, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walishiriki jaribio lililosaidia kuthibitisha kuwa dozi moja yatosha, na mwaka 2024 Tanzania ikaingia katika utaratibu huo. Ushahidi ulitoka Kanda ya Ziwa. Waliozaliwa na mgodi haukuwafaa. Kwao, na kwa mama zao, kinga iliyosalia ni uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa siki, mradi kituo cha afya kiwe na mhudumu aliyefunzwa na kifaa cha kutibu mabadiliko siku ileile.