Safu ya Lugha: Kufungwa na Kukwama

Kaunti ya Tana River ina maeneo bunge matatu: Bura, Galole na Garsen. Ukifuata mgao wa kiutawala, hata hivyo, mji wa Garsen umo katika kaunti ndogo ya Tana Delta. Sasa chukua fomu ya kompyuta ambayo uga wake mmoja umeunganishwa na orodha ya kaunti ndogo, ilhali hifadhidata imeweka "Garsen". Programu inalitafuta jina hilo orodhani na hailioni. Kwa jinsi ilivyoundwa, uga huenda ukakataa kuandikwa. Karani anaripoti: "Uga umefungwa."

Hapo ndipo neno linapopotosha. Kufungwa kuna mfungaji, na kufuli lina mwenye ufunguo. Fundi akisoma "umefungwa" ataanza kukagua ruhusa za mtumiaji, na mwananchi atasubiri dirishani bure. Mlango uliofungwa unataka ufunguo. Uliokwama unataka seremala. Uga huu umekwama, au kwa usahihi zaidi hauandikiki, kwa kuwa majina hayaoani. Atasemaje anayeshikilia kwamba watu huelewana tu? Mezani, uso kwa uso, kweli huelewana. Ripoti ya maandishi humfikia fundi aliye mbali, asiyeuona uga wenyewe, na hana kingine cha kumwongoza ila hilo neno. "Umefungwa" libaki kwa uga uliozuiwa makusudi, mathalani nambari ya kitambulisho iliyokwisha kuthibitishwa. Kwa hitilafu kama hii andika "hauandikiki", kisha utaje majina mawili yanayopingana.