Bati na Udongo

Mwambie mtu kwamba kubadilisha jiko la makaa kulichukua miaka, atakucheka. Jiko si jiko tu, bwana? Bati, makaa, kiberiti, kwisha! Lakini hebu sikiliza, msomaji.

Jiko la bati, lile la kukatwa kutoka kwa mapipa makuukuu, lilitawala nyumba zetu za mjini kwa miongo mingi. Husemwa lilikuja na Wahindi waliojenga reli. Ni jepesi, ni rahisi, lakini ni lafi ajabu: joto jingi hutokea ubavuni, likapasha miguu ya mpishi badala ya sufuria. Na mathe anayenunua makaa kwa mkebe anajua kila mkebe ni chapaa iliyotolewa kwenye unga.

Mwezi wa Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano Nairobi kuhusu nishati mpya, na habari ya kuni na makaa ikapamba moto. Ndipo ukaja mradi wa jiko jipya kwa pesa za Marekani, na mbunifu Max Kinyanjui akawa mmoja wa waliokuna vichwa. Mfano ulitoka Thailand: ndoo ya bati iliyojazwa udongo wa kuchomwa. Ilionekana kazi ya juma moja.

Wapi! Ndoo ile ni pana juu, nyembamba chini, tena nzito. Sasa songa ugali wa watu wanane juu yake. Anayesonga hushika mwiko kwa nguvu zote na kuegemea, na ndoo inayumba. Halafu bati na udongo havitanuki sawasawa motoni, kwa hivyo udongo hupasuka.

Mwishowe umbo likabanwa kiunoni na kupanuliwa chini, kama zile suruali za belbotom walizoringia baba zetu miaka ya 1970. Udongo ukawekwa nusu ya juu tu, matundu ya majivu humo humo, na saruji ikaushikisha kwa bati.

Bado kulikuwa na kazi. Jiko la zamani lilikuwa la fundi mmoja na nyundo yake. Hili lilitaka wawili, mfinyanzi mwenye tanuri na fundi wa bati, na kipimo kimoja kati yao. Udongo ukizidi kidogo hauingii, ukipungua unacheza. Mafundi wa Shauri Moyo waliozoea kupima kwa jicho ikabidi wapime kwa kigezo. Wengine waliiga ovyo wakauza udongo usioiva, mnunuzi akalia. Lakini kuigana huko huko ndiko kulikoshusha bei, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 ilikadiriwa majiko zaidi ya 700,000 yanatumika Kenya. Tanzania nako likaingia, likiitwa jiko bora.

Kinachoniudhi ni jinsi habari hii ilivyoandikwa. Wafadhili wana majina kamili. Waliogonga bati ni "jua kali", waliosonga ugali ni "watumiaji", basi. Nyinyi mnaotafuta hadithi za kuandika, nendeni Shauri Moyo na daftari mkaulize nani alikibana kiuno kile kwanza. Wazee wale hawatatungoja.

Mkifika mtamkuta labda mama amebeba jiko lililopasuka. Hatanunua jingine. Fundi atang'oa vigae, apachike udongo mpya ndani ya bati lile lile, na mama arudi nyumbani kupika.