Mafundisho ya Biblia kwa watoto (Bukoba na Muleba)

Mafundisho ya Biblia kwa watoto katika wilaya za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, ni malezi ya imani yanayotolewa na makanisa kwa watoto wadogo, kuanzia wale wasiojua kusoma hadi wanaojiandaa kwa komunyo ya kwanza au kipaimara. Walutheri na Waanglikana huyaita shule ya Jumapili. Wakatoliki husema tu kwamba mtoto "anakwenda mafundisho", na watoto wao wengi huwamo pia katika Utoto Mtakatifu, shirika la kipapa lililoanzia Ufaransa mwaka 1843. Mwalimu kwa kawaida ni mtu wa kujitolea, na mabenchi hayatoshi.

Asili

Wamisionari wa Afrika, waliozoeleka kwa jina la White Fathers, walifungua misheni ya Kashozi, kaskazini mwa mji wa Bukoba, mwaka 1892. Walikuja na utaratibu wa mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie: miaka minne ya mafundisho kabla ya ubatizo. Upande wa Waprotestanti mambo yalianza kinyume na ilivyozoeleka. Wahaya, wenyeji wa eneo hili, waliopata kuishi Buganda walirudi na vitabu, wakaanza kuwafundisha wenzao kabla mmisionari wa shirika la misheni la Bethel, Ernst Johanssen, hajafika mwaka 1910. Kwa Waganda wa wakati ule "msomi" na "Mkristo" lilikuwa jambo moja, na fikra hiyo ilivuka mpaka pamoja na vitabu. Mtoto alipelekwa kusoma; imani ilikuwa ndani ya kusoma.

Kilichosomwa zaidi kilikuwa katekisimu, yaani maswali na majibu. Katekisimu Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529 ilitungwa ikaririwe nyumbani, baba akiwauliza watoto, na ndivyo ilivyotumika. Njia hiyo ina nguvu zake: mzee aliyeikariri utotoni hakosei neno. Udhaifu wake ni kwamba mtoto hupewa jibu kabla swali halijamjia. Hadithi za Biblia zilifundishwa pia, ila kama kitoweo pembeni ya ugali.

Malezi hayo ndiyo yaliyomfikia Laurean Rugambwa, aliyezaliwa mwaka 1912 katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Muleba, akabatizwa mwaka 1921 na kuwa kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza katika nyakati hizi. Josiah Kibira, aliyezaliwa Bukoba mwaka 1925, akawa askofu wa Kilutheri mwaka 1964, na mwaka 1977 akachaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani.

Lugha

Biblia ya kwanza kufika ilikuwa ya Kiganda, ikifuatiwa na maandiko ya Kihaya, kisha Kiswahili cha Union Version ya mwaka 1952, ambacho bado ndicho kinachosikika makanisani. Mjini watoto hufundishwa kwa Kiswahili. Vijijini mwalimu husoma kwa Kiswahili na kusimulia kwa Kihaya, na katika kuvuka huko maana huongezeka. Neno Omukama ni Bwana Mungu, na ni mfalme pia. Mtoto wa zamani wa ufalme wa Ihangiro aliyesikia habari za Sauli na Daudi hakuhitaji kuelezwa ikulu ni nini wala mfalme akimwonea mtu wivu hutokea nini. Watawala wa jadi waliondolewa madarakani mwaka 1963, kwa hiyo mtoto wa leo hulijua neno hilo zaidi kwa kanisani.

Hadithi na mahali

Wahaya wana jadi ya kusimulia ambamo msikilizaji hakai kimya. Mtafiti Peter Seitel, aliyezikusanya ngano zao na kuzichapisha mwaka 1980, alionyesha jinsi hadhira inavyomtaka msimulizi aone ili nao wapate kuona. Mwalimu anayeijua desturi hiyo hahangaiki na nidhamu, kwa kuwa watoto wana kazi ya kufanya.

Mazingira nayo husaidia. Kisa cha mtoto Musa kuwekwa ndani ya kisafina cha manyasi mtoni ni chepesi kwa watoto wanaoyajua mafunjo ya bonde la mto Ngono. Tena Ngono huingia Kagera, Kagera huingia Ziwa Victoria, na kutoka ziwani huanza safari ya Nile. Mwalimu mwenye ramani anaweza kuonyesha kwa kidole jinsi maji ya kwao yanavyoelekea kule alikolelewa Musa. Ajabu ni kwamba wachache hufanya hivyo.

Yohana Mbatizaji husomwa wakati wa Majilio, ambao ni msimu wa senene. Wiki hizohizo watoto wanaosikia kwamba nabii alikula nzige na asali ya mwitu hukaa jioni wakichambua senene, mbawa huku, miguu kule. Mtoto wa kwingine hushangaa kwamba mdudu huliwa. Huyu wa Bukoba hutaka kujua kama Yohana alizing'oa mbawa kwanza, na nani alimkaangia.

Ziwa ni somo gumu zaidi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza na mamia ya watu wakafa. Ni familia chache za ukanda huu ambazo hazikuguswa. Hadithi ya Yesu kuamshwa usingizini na kuituliza dhoruba haiwezi kusimuliwa hapa kama inavyosimuliwa mahali pasipo maji. Mtoto ambaye picha ya babu yake imetundikwa sebuleni atauliza kwa nini siku ile Yesu hakuamka. Majibu ya kukariri hayafai hapo, na mwalimu mwenye busara hanyamazishi swali.

Ugonjwa wa kawaida wa shule ya Jumapili ni haraka ya kufikia "tunajifunza nini?" Goliathi hajaanguka vizuri, tayari ubao umeandikwa: tuwe jasiri. Ibrahimu anapoinua kisu juu ya Isaka, mwalimu hukimbilia kondoo aliyenaswa kichakani, ilhali watoto bado wako na Isaka, wanataka kujua kama mama yake aliambiwa.

Sikukuu

Walutheri huadhimisha Siku ya Mikaeli na Watoto kwenye Jumapili iliyo karibu na tarehe 29 Septemba. Wakatoliki wana Watoto Mashahidi, tarehe 28 Desemba, ukumbusho wa watoto waliouawa na Herode. Katika siku ya Mikaeli watoto huongoza ibada: wanasoma masomo, wanaimba, wanaigiza, wanatoa ngonjera. Wazazi hurekodi kwa simu, na anayesahau mstari hunong'onezewa na kanisa zima. Sadaka za vitu huletwa mbele: yai, kuku, maharage, mkungu wa ndizi. Ibada ikiisha hupigwa mnada nje, na mara nyingi mzazi hupandisha bei hadi alinunue yai lilelile alilompa mwanawe asubuhi.